Muulize Ami: Sinema za kimya, za upanga na mapenzi

Toleo lililopita niliwataja kidogo tu Douglas Fairbanks, mwigizaji wa Marekani, na zile muvi za miaka ya 1920, za upanga, farasi, kuruka kuta na kumpenda binti mfalme, zote bila sauti ya mtu kuongea. Maswali yamemiminika, ya Likoni, ya Changamwe, hadi Mtwapa, mengine ya kukubali mengine ya kunibishia, kwa hivyo leo safu nzima ni hizo. Barua ndefu nimezifupisha, mnisamehe.

Shikamoo Ami. Mimi kijana wa Likoni, muvi natazama kila siku lakini hizo za kimya nilijaribu moja ikanishinda. Watu wanafungua midomo hawasikiki, mara maandishi yanakuja, mara mtu ashike kifua atoe macho. Utamu uko wapi haswa?

Marahaba mwanangu. Utamu uko mwilini. Manake sauti hakuna, kwa hivyo kila kitu, mapenzi, woga, uongo, njaa, lazima kionekane kwa mkono, kwa shingo, kwa mgongo, kwa namna mtu anavyoingia mlangoni, na waigizaji wa wakati ule walikuwa wamekomaa kwa hio kazi vile mcheza ngoma anavyokomaa miguu. Hebu tazama mwanzo wa The Thief of Bagdad, ya 1924. Kuna mtu amejilaza pale watu wanapokunywa maji mtaani, kifua wazi, usingizi mzito. Wapita njia wanakuja, wanainama, wanakunywa, wanaenda zao. Ukitazama vizuri ndo unauona mkono wake, unateremka polepole, unaingia kwenye mshipi wa yule anayekunywa, unatoka na kifuko cha pesa, na uso bado umelala vilevile. Hakuna aliyekwambia kuwa huyu ni mwizi. Lakini ushajua ni mwizi, ushajua ni hodari, na walahi ushaanza kumpenda, na muvi haijamaliza hata dakika kumi. Huyo ndo Fairbanks mwenyewe, na alikuwa amefika miaka 40 wakati anaicheza hio.

Alafu anafukuzwa. Kuna mitungi mikubwa imepangwa safu, anaruka kutoka huu kuingia ule, anazama, anaibuka, anazama tena, na siri yake ni kwamba ndani ya mitungi walificha trampolini. Kwenye Robin Hood ya 1922 analo pazia la kasri, refu ajabu, analirukia kutoka juu kabisa anateleza nalo hadi chini, wanaomfukuza wamebaki midomo wazi, na nyuma ya lile pazia palifichwa telezi ya aina ile ya watoto uwanjani. Mimi hizi siri nikizijua hazinipunguzii kitu. Kwa sababu mwili ni wa kweli, ni mtu aliyeruka, ameshika kitambaa kwa mikono yake, na jicho la binadamu linajua mtu anaporuka na kompyuta inaporuka, hata kama huwezi kueleza umejuaje.

Kisha mapenzi. Wengi hufikiri mapenzi kwenye hizi muvi yamebandikwa tu ili akina dada nao wanunue tiketi, lakini mimi naona ndo yanayoendesha kila kitu. Yule mwizi wa Baghdad anaingia kasri usiku kuiba vito, anamuona binti mfalme amelala, basi, vito vimemtoka akilini, na kuanzia hapo stori nzima inageuka, mtu ambaye chake ni chake na cha mwenzake pia ni chake inambidi ajifunze kustahili kitu. Bila huyo binti ni muvi ya mtu anayeruka mitungi tu. Na bila mitungi ni muvi ya watu wanaoangaliana. Zikikutana zote mbili ndo panakuwa na hatari, kwa sababu sasa shujaa ana kitu cha kupoteza.

Na isitoshe stori zenyewe si ngeni kwetu hapa pwani. Fumo Liyongo yuko kifungoni anangoja kuuawa, mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa makapi, kijakazi Saada anaupeleka, walinzi hawautaki kwa sababu ni wa makapi, alafu Liyongo anaomba pachezwe gungu ili kelele za ngoma zifunike sauti ya tupa ikikata minyororo. Niambie, hio si sinema? Kamera tu ndo haikuwepo. Kwa hivyo jaribu tena, ila weka simu nyingine mbali, hizi muvi huwezi kuzisikiliza huku unachati, ukiinamisha kichwa tu umepitwa.

Ami, kwa nini watu wa zamani wanatembea mbiombio? Binti yangu wa miaka saba anacheka mpaka na mimi nashindwa kufuata. (Mama wawili, Kisauni)

Mamangu, hawakutembea hivo. Kamera za wakati ule nyingi zilizungushwa kwa mkono, na picha zilizopigwa kwa sekunde moja zilikuwa kama 16, 18, 20, ilitegemea mkono wa mpiga picha na jinsi alivyotaka. Sauti ilipokuja ikabidi pawe na mwendo mmoja, picha 24 kwa sekunde, kwa sababu sauti ikiyumba kidogo tu sikio linajua. Sasa mtu akichukua muvi ya picha 18 akaipitisha kwa mashine ya 24, watu wote wanakuwa na haraka. Ni kosa la aliyenakili, si la waliotengeneza. Kopi zilizorekebishwa vizuri watu wanatembea kama mimi na wewe, na ukimuona Fairbanks kwa mwendo wake wa sawa utashangaa vile alivyokuwa mwepesi. Ila kuna pahali walifanya makusudi, fundi anazungusha polepole ili vita vya upanga vionekane vya kasi zaidi, hapo ndo paachwe vivyo hivyo.

Assalam aleikum Ami. Nimeitazama The Sheik baada ya kusoma safu yako, na nimeudhika. Mwarabu anamteka mwanamke anamfungia hemani, na sisi tuambiwe ni mapenzi? Na huyo Mwarabu mwenyewe ni Muitaliano kajipaka rangi. Mbona hukutuonya? (Binti wa Kibokoni)

Waleikum salaam warahmatullah. Una haki ya kuudhika na sitaitetea. The Sheik ni ya 1921, imetokana na riwaya ya E. M. Hull, mwanamke wa Kiingereza, na ni kweli huyo Ahmed Ben Hassan anamteka Diana kwa nguvu. Hapo hakuna mapenzi, huo ni utekaji, na kumvisha mtu kilemba kizuri hakubadilishi. Na ukaifuata mpaka mwisho umeona walichofanya: inafichuliwa kwamba kumbe si Mwarabu, babake Muingereza na mamake Mhispania, ili watazamaji wa Marekani wa wakati ule wapumue, yule bibi wa Kizungu aweze kumpenda bila aibu. Yaani jangwa, hema, farasi na jina la Kiislamu wamevichukua, mtu mwenyewe wakamkataa. Na hata jangwa lenyewe ni mchanga wa California.

Lakini naomba usimtupe Rudolph Valentino, huyo Muitaliano aliyeigiza sheikh, pamoja na hio muvi. Alizaliwa Castellaneta, kusini mwa Italia, 1895, akaenda Marekani akiwa kijana, akawa anacheza dansi kwa malipo kabla ya sinema, na ule mwendo wake wa mcheza dansi haukumtoka. Alifariki Agosti 1926 akiwa na miaka 31 tu, na New York barabara zilijaa watu maelfu kwa maelfu wakitaka kumuaga. Watu hawajai hivyo kwa sababu ya kilemba. Mtafute kwenye The Eagle, ya 1925. Hapo ni luteni wa Kirusi, malkia anamtaka, yeye anakimbia, na babake amenyang'anywa shamba na tajiri mmoja, kwa hivyo anavaa barakoa anakuwa jambazi wa kulipiza kisasi, alafu anaingia nyumbani kwa huyohuyo tajiri akijifanya mwalimu wa Kifaransa, na binti wa tajiri ndo huyo anampenda. Sasa kila siku anakaa meza moja na mtu aliyekuja kumuangamiza, na anapomtazama yule binti, Mascha, anayeigizwa na Vilma Banky, unaona kisasi kinavyoyeyuka usoni kidogo kidogo. Hakuna mtu anayelazimishwa chochote, na Mascha ana akili zake.

Kuna picha moja humo wanafunzi wa sinema bado wanaisoma, kamera inapita juu ya meza ndefu ya karamu, katikati kabisa, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, vyakula, mishumaa, watu wanakula pande zote mbili. Itawezekanaje, na kamera zenyewe zilikuwa mizigo? Dairekta Clarence Brown alitengeneza daraja la mbao lenye magurudumu pande zote mbili za meza, kamera ikaning'inia katikati, na kulikuwa na wasaidizi wakirudisha vinara vya mishumaa mezani mbele ya kamera inapopita, ili mtazamaji aone kabisa hakuna nafasi ya mtu kupita hapo. Mimi huirudia hio sehemu peke yake.

Na kuhusu nani anaigiza nani, kuna ya kusikitisha na kuna ya kushangaza. The Thief of Bagdad ina Anna May Wong, Mmarekani wa asili ya Kichina, kijakazi anayempelelezea adui, hana dakika nyingi lakini kila akiingia jicho linamfuata yeye, na Hollywood haikumpa nafasi za maana, mwishowe 1928 akahamia Ulaya kutafuta kazi bora. Yule mwana mfalme wa Kihindi ni Noble Johnson, mtu mweusi wa Marekani, ambaye 1916 alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya kutengeneza muvi za watu weusi wenyewe. Na yule mwana mfalme mnene wa Kiajemi, mwenye masharubu, ni mwanamke, Mathilde Comont. Ukishajua hayo rudi umtazame tena.

Mimi ni mzee wa Makadara, nimekulia kumbi za Regal, Majestic na Naaz, muvi za Kihindi wiki kwa wiki. Nauliza, Wahindi nao walikuwa na hizo za kimya za kihistoria au walianza na nyimbo moja kwa moja?

Walikuwa nazo, babu, na nzuri. Nyimbo zilianza 1931 na Alam Ara, kabla ya hapo kuna miaka karibu 20 ya kimya kutoka Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke, 1913. Nyingi zimepotea, lakini kuna mbili nakuomba uzitafute. Ya kwanza ni Shiraz, 1928, aliiigiza na kuiandaa Himansu Rai, na dairekta ni Mjerumani, Franz Osten. Ni hadithi ya mapenzi inayozunguka Taj Mahal, mtoto wa mfinyanzi amekua na msichana aliyeokotwa jangwani, anampenda, msichana anatekwa anauzwa, anaishia kwenye jumba la mfalme mtarajiwa, na huyu mfinyanzi anamfuata mpaka huko miaka na miaka. Kuna pahali amehukumiwa kukanyagwa na tembo, kichwa kiko chini, mguu wa tembo uko juu. Tembo ni tembo kweli. Na majengo ni ya kweli, walipiga hukohuko India, Agra, hawakujenga kasri la mbao.

Ya pili ni A Throw of Dice, ya 1929, Rai na Osten haohao, wafalme wawili binamu wanampenda msichana mmoja na wote ni wagonjwa wa kamari. Wazo lake limetoka Mahabharata, ule utenzi wa kale wa Kihindi. Humo kuna misafara ya tembo na farasi na watu mpaka unajiuliza walilishwa nini. Zote mbili zimesafishwa Uingereza miaka ya karibuni, Shiraz ikatiwa muziki mpya na Anoushka Shankar, mtoto wa Ravi Shankar, mwaka 2017, na ile ya pili ikatiwa muziki na Nitin Sawhney. Wewe uliyekulia Naaz utazipenda zaidi ya hawa vijana, manake utaona mambo mengi uliyokuja kuyaona baadaye kwa rangi na nyimbo, yameanzia hapo.

Ami, mimi ni mwalimu Changamwe. Wanafunzi wangu Kiingereza cha yale maandishi kinawachelewesha, wakimaliza kusoma kadi imeshaondoka. Nikisimama mbele nikawatafsiria kwa Kiswahili nitakuwa nimeharibu kazi ya watu? Na sheria je?

Mwalimu, hili swali limenifurahisha kuliko yote. Hutaharibu, utakuwa umefanya kazi ya heshima ambayo Japani ilikuwa na watu wake maalum. Waliitwa benshi. Mtu anasimama kando ya skrini, anasimulia, anabadilisha sauti, huyu mzee huyu msichana huyu jambazi, anaeleza desturi za Wazungu ambazo Wajapani hawakuzijua, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji, watu wananunua tiketi kwa sababu ya benshi, muvi ni ziada. Kaka yake Akira Kurosawa, yule dairekta mkubwa, alikuwa benshi. Sauti ilipofika wakakosa kazi.

Na sisi hatuko mbali. DJ Afro anafanya nini? Anachukua muvi ya watu, anaisimulia kwa lugha yetu, anampa shujaa jina jipya, na kuna watu hapa Mombasa hawataki kuiona ile ya asili kabisa, wanataka ya DJ Afro. Tanzania nao walikuwa na Lufufu. Tofauti ni kwamba DJ Afro inambidi ashindane na sauti iliyomo tayari, wewe kwenye muvi ya kimya umeachiwa uwanja mzima. Zile muvi zilisafiri dunia nzima kwa sababu hio hio, kadi za maandishi zinakatwa zinabandikwa za lugha nyingine, basi, muvi imekuwa ya Kireno, imekuwa ya Kijerumani, midomo haimsaliti mtu. Za Kiswahili ndo hazikubandikwa. Zibandike wewe kwa mdomo.

Ushauri wangu, itazame kwanza peke yako mara mbili, andika majina, amua nani anasema vipi. Usiongee muda wote. Kwenye vita vya upanga na kwenye mtu kumtazama mtu, nyamaza uache muziki, ongea kwenye kadi na pale stori inaporuka kutoka pahali hadi pahali. Na kama shuleni kuna mtoto anapiga tari, kinanda, hata gita, mkalishe pembeni apige, zamani hazikuwa kimya hata kidogo, kumbi ndogo zilikuwa na mpiga piano na kumbi kubwa zilikuwa na okestra nzima, na The Thief of Bagdad ilitungiwa muziki wake na Mortimer Wilson. Muziki ulipoanza kurekodiwa ukaja pamoja na muvi, kama Don Juan ya 1926 ya John Barrymore, wapiga muziki wa kumbini ndo wakaanza kuachishwa.

Sheria: muvi za Marekani zilizotoka hadi mwisho wa 1929 haki zake zimeshakwisha kule, ni mali ya kila mtu. Shida iko kwa muziki mpya uliotiwa juu yake, huo una mwenyewe, na ndo sababu nyingine ya kumkalisha yule mtoto wa tari. Darasani uko sawa, ila siku ukitaka kutoza kiingilio mwaga maswali kwa wanaohusika na vibali kwanza.

Nimeona moja usiku wote ni bluu na nyumba inaungua ni nyekundu. Rangi walipata wapi? (Fundi simu, Mwembe Tayari)

Walitumbukiza filamu yenyewe kwenye rangi, kipande kwa kipande. Bluu ni usiku, njano ya kuiva ni taa au jua, nyekundu ni moto. Kwa hivyo tukio la usiku lilipigwa mchana kweupe kisha likatiwa bluu, na kila mtu ukumbini alielewa. Rangi zenyewe kamili zilikuwa bado, lakini Fairbanks alithubutu, The Black Pirate ya 1926 yote ni ya rangi, mfumo wa rangi mbili, nyekundu na kijani, filamu mbili nyembamba zimegundishwa mgongo kwa mgongo, na zikipata joto la projekta zilikuwa zinajikunja picha inapoteza makali. Bahari yake si bluu tuliyoizoea sisi, ni kijani kilichofifia, na mimi naipenda hivohivo.

Kwa nini zingine hazipatikani hata ukilipa? Nilitafuta muvi za kimya za Cleopatra nikaambiwa hakuna. (Msomaji wa Tudor)

Hio ya 1917 ya Theda Bara ni kweli haipo, vimebaki vipande vichache tu. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge ya Marekani ilitoa utafiti wa David Pierce, muvi ndefu za kimya zilizotengenezwa Marekani ni karibu 11,000, na zilizobaki zikiwa kamili kwa umbo lake la asili ni asilimia 14. Nikizisoma hizo hesabu roho yangu inauma. Filamu za wakati ule zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto vibaya sana na kikizeeka kinaoza kuwa unga, mwaka 1937 ghala la Fox kule New Jersey liliungua na karibu kazi zote za kimya za kampuni hio zikaenda. Lakini moto peke yake haukufanya hayo. Sauti ilipokuja wenye mali waliona hizi ni takataka, wengine wakaziyeyusha wapate fedha iliyomo kwenye filamu, yaani madini ya fedha, wengine wakazitupa kupunguza gharama ya ghala. Kazi ya mamia ya watu, mavazi, farasi, makasri, imeuzwa kwa kilo.

Ila usikate tamaa na Tudor yako. Beyond the Rocks ya 1922, ya Valentino na Gloria Swanson, watu waliihesabu imekufa miaka zaidi ya 70, alafu mkusanyaji mmoja Uholanzi akafariki, vitu vyake vikapelekwa makumbusho ya filamu, na ndani ya yale makopo ikawa imo. Ikaonyeshwa tena 2005. Na kama hio ilibaki Ulaya, nyingine huenda zimebaki popote filamu zilipomaliza safari. Kopi nyingi hazikurudishwa kwa wenyewe, zilikwamia kwenye mji wa mwisho. Bandari yetu ilipokea muvi kutoka Bombay na kutoka London miaka mingi. Mwenye babu aliyekuwa na ukumbi au aliyepiga projekta, na kuna makopo ya bati darini, tafadhali msiyachome na msiyafungue karibu na jiko, ulizeni kwanza watu wa makumbusho.

Ami, kwetu hapa hatungeweza kutengeneza ya namna hio? (Kijana wa maigizo, Mvita)

Mzingiro wa Fort Jesus, Machi 1696 mpaka Disemba 1698, Waomani nje, Wareno ndani pamoja na wenyeji waliokimbilia humo, tauni imeingia, meli za Wareno kutoka Goa, India, zinasubiriwa. Kasri bado limesimama, hakuna haja ya kulijenga kwa mbao. Weka msichana upande mmoja wa ukuta na kijana upande wa pili. Simu zenu zinapiga picha nzuri kuliko kamera yoyote aliyokuwa nayo Fairbanks, na mkiipiga bila maneno hamtahitaji maikrofoni, ambayo ndo huwa inawaharibia muvi zenu nyingi, upepo wa bahari unavuma kila mtu anapoongea. Nimemaanisha, na mkiifanya nileteeni niiandike hapa.

Bando langu ni dogo. Nianze na ipi, na wanangu watazame ipi? (Baba wa Bombolulu)

Wanao waanzishe The Adventures of Prince Achmed, ya Lotte Reiniger, Mjerumani, 1926. Ndo katuni ndefu ya kale zaidi iliyobaki duniani, kama saa moja na dakika chache hivi. Yote ni vivuli, alikata watu, farasi na majini kwa mkasi kutoka kwa karatasi nyeusi ngumu, viungo vikaunganishwa kwa waya, akavilaza juu ya kioo chenye taa chini, akapiga picha moja, akasogeza kidole kidogo, akapiga nyingine, kwa miaka mitatu. Hadithi ni za Alfu Lela Ulela, farasi anayepaa, Pari Banu, Aladini na taa yake. Kuna pahali mwana mfalme anajificha nyuma ya majani akimtazama Pari Banu anavua manyoya yake ya ndege aoge, kama wanao ni wadogo sana kaa nao hapo. Shingo za wale vivuli zinavyoinama, huwezi kuamini ni karatasi.

Wewe mwenyewe anza na The Eagle, ni fupi, ina kichekesho, haichoshi, alafu ukishazoea ndo uingie The Thief of Bagdad. Zipo YouTube na kwenye Internet Archive bila malipo. Kabla ya kubonyeza angalia urefu, The Thief of Bagdad nzima ni karibu saa mbili na nusu, ukiona ya saa moja na kidogo imekatwa na huenda watu wanakimbia mbiombio, iache. Soma maelezo chini kama imeandikwa imerekebishwa, tazama maoni ya watu kuhusu muziki, manake wengine hubandika muziki wowote tu unaojirudia, ukiukuta hivo zima sauti uweke taarab yako ya ala, na uipakue usiku bando la usiku likiwa rahisi.